Biashara Yenye Anwani Yake

Tarehe 12 Januari 2021, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Yoweri Museveni aliwatangazia wananchi wa Uganda kwamba Facebook imefungwa nchini humo. Kampuni hiyo ilikuwa imeondoa akaunti kadhaa ilizodai kuwa na uhusiano na wizara inayoshughulikia TEHAMA, na serikali ikajibu kwa kuifunga. Usiku wa kuamkia siku ya kupiga kura intaneti yote ilizimwa. Ilirudi baada ya siku chache, na mwezi uliofuata mitandao mingine ya kijamii ikafunguliwa, lakini Facebook iliendelea kufungwa mwaka baada ya mwaka, na aliyetaka kuingia akiwa Kampala au Mbarara alilazimika kutumia VPN. Ugomvi ulikuwa wa serikali na kampuni ya Marekani. Walioumia bila kuwa upande wowote ni mafundi cherehani, wauza keki, wenye saluni na wapiga picha za harusi ambao kwa miaka mingi walikuwa wamejenga kurasa zao humo, picha kwa picha na maoni kwa maoni, na ambao asubuhi moja waliwakosa wateja wao bila kufanya kosa lolote.

Tukio hilo linastahili kukumbukwa na kila anayefanya biashara au sanaa mtandaoni katika ukanda wetu, kwa kuwa linaonyesha jambo ambalo katika siku za kawaida halionekani. Mtu mwenye wafuasi 40,000 Instagram hujiona ana mtaji, na kwa kweli anao, ila mtaji huo umeandikwa kwenye daftari la mwingine. Hawezi kuwachukua wafuasi hao na kuwahamishia kwingine, hana namba zao, hajui majina yao halisi, na hana haki ya kuuliza kwa nini tangazo lake la leo limeonwa na watu 300 wakati la wiki iliyopita lilionwa na 9,000. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mfanyabiashara mdogo na msanii anahitaji tovuti yake mwenyewe, yenye jina alilolisajili yeye, ili jina, bei, kazi na orodha ya wateja wake vikae mahali ambapo uamuzi wa mwisho ni wake. Mitandao ya kijamii aendelee nayo. Kazi ya mitandao hiyo iwe kuwaleta watu kwenye tovuti yake.

Anayefanya biashara Kariakoo anaielewa vizuri hali ya mpangaji wa fremu. Analipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, anapaka rangi, anaweka rafu na taa, anawazoesha wateja njia, kisha siku moja mwenye nyumba anapandisha kodi au anataka fremu yake. Pamoja na ugumu wake wote, mpangaji huyo ana mkataba wenye sahihi mbili, anamjua mwenye nyumba kwa sura, na mambo yakiharibika anaweza kwenda kwa mjumbe, baraza la ardhi au mahakamani. Mwenye ukurasa wa Instagram ana masharti aliyoyakubali bila kuyasoma, na siku akaunti yake ikifungwa kwa makosa hukutana na fomu inayojibiwa na mashine.

Historia ya majukwaa haya ni ya kubadilika, na mabadiliko hayamsubiri mtu. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itawaonyesha watu zaidi machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa za biashara na vyombo vya habari, na tangu hapo wenye kurasa walielewa kwamba kuwafikia wafuasi wao wenyewe kutahitaji kulipia matangazo. Mwezi huohuo YouTube ilipandisha kiwango cha kuanza kulipwa hadi waliojiunga 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na watayarishaji wengi wadogo wakaondolewa kwenye mgawo. Machi 2019 MySpace, ambayo zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo ndiyo iliyokuwa nyumba ya wanamuziki wachanga duniani, ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa humo kabla ya 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Juni 2020 India iliifunga TikTok, na mamilioni ya watu waliokuwa wamejipatia jina humo wakaanza upya. Kisha ikaja jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, ambapo Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa pamoja kwa takribani saa sita kwa sababu ya kosa la mafundi wa kampuni hiyo katika kubadilisha mipangilio ya mtandao wao wa ndani. Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam ambaye duka, simu ya mezani na daftari la oda vyote vilikuwa ndani ya kampuni moja, jioni ile hakukuwa na mlango wa pili wa kumpokea mteja.

Ni lazima kuwa waadilifu kwa majukwaa haya. Hayakushinda kwa hila tupu. Intaneti iliwafikia watu wetu wengi kupitia simu ya mkononi, na iliwafikia ikiwa na sura ya Facebook na WhatsApp. Mwaka 2014 mpango wa Facebook wa kutoa huduma bila kukatwa salio, ambao baadaye uliitwa Free Basics, ulianza Zambia, kisha ukafika Tanzania kupitia Tigo na Kenya kupitia Airtel, na hadi leo kampuni za simu huuza vifurushi vya WhatsApp au vya mitandao ya kijamii kwa bei ya chini kuliko bando la kawaida. Kijana aliyenunua kifurushi cha namna hiyo anaweza kutazama picha za magauni siku nzima, lakini akibofya kiungo cha tovuti ukurasa haufunguki. Mama anayeuza viungo vya pilau kupitia status za WhatsApp hakukosea hata kidogo. Alikwenda walipo wateja wake, kwa simu aliyonayo, bila kumlipa mtaalamu yeyote. Tovuti inayopendekezwa kwake bila kuheshimu ukweli huo itakuwa pambo.

Hata hivyo, namna tunavyouza kwenye mitandao hii imezaa desturi ambayo kwa maoni yangu inatugharimu kuliko tunavyokubali. Tazama ukurasa wowote wa nguo wa Dar es Salaam au Mwanza. Chini ya picha ya gauni zuri, katika maoni, watu 20 wanauliza bei. Jibu ni lilelile mara 20: njoo DM. Mteja anaingia DM, anauliza, anasubiri saa mbili, anajibiwa kwa kuulizwa yuko wapi, anajibu, anaambiwa bei, anauliza kama kuna saizi yake, anasubiri tena, anaambiwa saizi hiyo imeisha, na picha ile iliyomvutia inaendelea kubaki pale ikiwaita wengine waje waulize swali lilelile. Muuzaji naye anashinda na simu mkononi akijibu maswali ambayo ukurasa mmoja wenye picha, bei, saizi zilizopo na gharama ya kumfikishia mteja mzigo Morogoro au Dodoma ungeyajibu yote hata akiwa amelala. Wapo wanaotetea desturi hii kwa kusema kwamba bei iliyofichwa huleta mazungumzo na mazungumzo huleta mauzo. Huenda ni kweli kwa mteja mwenye muda na asiyeona haya. Kwa yule anayetaka kujua kimyakimya kama kitu hicho kinalingana na mfuko wake, kufichwa kwa bei ni sawa na kufukuzwa, na muuzaji hatajua kamwe kwamba alimkosa, kwa kuwa mteja huyo haachi alama yoyote.

Jambo jingine ni kwamba picha iliyowekwa kwenye mtandao wa kijamii huzama. Kazi ya mwezi uliopita iko chini ya kazi ya wiki hii, na kazi ya mwaka jana ni kama haipo. Mtu anayetafuta Google fundi wa makochi Tegeta, au mahali pa kununua vikoi kwa jumla Tanga, ana nia ya kununua leo. Hakuja kupitisha muda. Injini ya utafutaji humletea kurasa zenye maneno yanayojibu swali lake, na fundi ambaye kazi zake zote ni video fupi zisizo na maelezo hatatokea hapo hata kama ni bora kuliko wote. Ukurasa wa tovuti ulioandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, wenye jina la mtaa, aina ya mbao, bei ya kuanzia na namba ya simu, unaendelea kufanya kazi kwa miaka bila kulipiwa tangazo. Na kwa kuwa wengi sasa wanaziuliza programu za akili unde badala ya kutafuta wenyewe, na programu hizo hujifunza na kunukuu kutoka kurasa zilizo wazi mtandaoni, biashara isiyo na ukurasa hata mmoja ulio wazi haina inachotajwa nacho.

Mfano ninaouona una uzito kuliko yote uko Zanzibar na katika miji ya Arusha na Moshi, kwa sababu huko tofauti inahesabika kwa fedha. Wanaopandisha wageni Mlima Kilimanjaro walijifunza mapema kwamba mteja wao anaamua akiwa kwake Ujerumani au Marekani, miezi mingi kabla ya kupanda ndege, na hivyo hata kampuni ndogo za Moshi zina tovuti zenye maelezo ya njia za Machame, Marangu na Lemosho, idadi ya siku, bei na yale yaliyomo ndani ya bei hiyo. Nyumba ndogo za wageni za pwani ya mashariki ya Unguja, kwa upande mwingine, nyingi zimejikabidhi moja kwa moja kwa mitandao ya kuhifadhi vyumba kama Booking.com, ambayo kwa kawaida hutoza karibu asilimia 15 ya malipo ya mgeni, na wakati mwingine zaidi.

Tuchukulie nyumba ya vyumba sita Jambiani, chumba kikiwa dola 50 kwa usiku. Mgeni akikaa wiki moja analipa dola 350, na dola 52 na senti 50 zinakwenda kwa mtandao uliomleta. Kwa mgeni wa mara ya kwanza naona ni malipo ya haki, kwa sababu bila mtandao huo asingelijua jina la nyumba. Kinachouma ni mgeni wa mara ya pili na ya tatu. Pwani ya Paje na Jambiani ina wageni wanaokuja kucheza kite, mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, na hao hufuata upepo: wapo wa kaskazi, Desemba hadi Februari, na wapo wa kusi, kuanzia Juni, na wengi wao wakishapapenda hurudi. Mgeni huyo anajulikana kwa jina na mpishi, anajua chumba anachokitaka, ana viatu alivyoviacha stoo, lakini kwa kuwa nyumba haina tovuti anahifadhi tena kupitia mtandao uleule, na asilimia 15 inakatwa tena kwa kumtambulisha mtu ambaye wenyeji wanamfahamu. Mwenye nyumba hana hata barua pepe yake, maana mtandao humpa anwani ya muda iliyotengenezwa kwa ajili ya hifadhi hiyo tu. Kwa mwaka, marejeo 40 ya namna hiyo ni dola 2,100. Kwa fedha hizo tovuti ya kawaida yenye jina lake na seva yake hulipiwa kwa miaka mingi, na bado hubaki za kununulia magodoro.

Tovuti ya nyumba kama hiyo haihitaji mambo makubwa. Inahitaji picha halisi za vyumba, bei kwa msimu, umbali kutoka uwanja wa ndege, maelezo kuhusu maji kupwa na kujaa, kwa kuwa mgeni asiyeambiwa kwamba bahari ya Jambiani hurudi nyuma sana wakati wa maji kupwa hulalamika baadaye, na sehemu ya kuandika tarehe anazotaka. Mgeni anayeridhika huombwa barua pepe yake kwa hiari, na kabla ya kusi kuanza huandikiwa ujumbe mfupi. Anayekusanya taarifa za wateja namna hii ajue kwamba sheria inamhusu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kuomba ridhaa, kutunza taarifa vizuri na kumfuta anayetaka kufutwa ni wajibu wa kisheria, na pia ni adabu ya kawaida kwa mteja.

Kwa wasanii na waandishi suala hili lina upande ambao fedha peke yake haiuelezi. Kuna kundi kubwa la waandishi wa simulizi za Kiswahili wanaochapisha hadithi zao kwa sehemu kwenye Facebook. Utaratibu wao unajulikana: sehemu ya kwanza hadi ya kumi ni bure, ya kumi inaishia pale ambapo mlango unagongwa, na anayetaka kuendelea anatuma shilingi 1,000 kwa namba iliyotajwa ili aunganishwe kwenye kundi la WhatsApp. Ni ubunifu wa kibiashara wa kiwango cha juu, uliozaliwa bila msaada wa mchapishaji yeyote, na umewapa kipato watu ambao kampuni za vitabu zisingewafungulia mlango. Lakini ndani ya kundi hilo yupo anayenakili sehemu zote na kuzisambaza, na baada ya muda simulizi ileile inasikika YouTube ikisomwa na sauti ya mtu mwingine, chini ya kichwa kingine, ikiingiza fedha za matangazo kwa aliyeinakili. Mwandishi akilalamika anaulizwa ushahidi. Ushahidi wake uko kwenye ukurasa ambao machapisho yake ya zamani hayapatikani kirahisi, au kwenye kundi ambalo aliyekuwa msimamizi alikwishalifunga.

Kisheria mwandishi huyo analindwa tangu siku alipoandika; Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nchi, husajili kazi za wabunifu. Tatizo lake ni la kuthibitisha nani alitangulia. Mwandishi mwenye tovuti yake huiweka kila simulizi katika ukurasa wake, yenye jina lake, tarehe na orodha ya sehemu zake kwa mpangilio, na kurasa zilizo wazi namna hiyo huweza kunakiliwa na kuhifadhiwa pamoja na tarehe na hazina kama Internet Archive, jambo ambalo kundi la WhatsApp haliwezi kulipata. Msomaji mpya anayetafuta kichwa cha simulizi humfikia mwandishi kabla ya kumfikia mwizi. Sehemu za kulipia zinaweza kubaki za kulipia, kwa namba ileile ya simu au kwa Lipa Namba. Na siku mwandishi huyo anapotaka kuzungumza na mtayarishaji wa filamu au na mchapishaji, humtumia anwani moja inayoonyesha kazi yake yote, iliyopangwa na iliyosahihishwa, badala ya kumwambia ashuke chini kwenye ukurasa hadi mwaka juzi. Ninaliona jambo hili kuwa kubwa. Fasihi nyingi ya Kiswahili inayosomwa na vijana leo inaandikwa mahali ambapo haiwekewi kumbukumbu, na ikipotea itakuwa imepotea pamoja na majina ya walioiandika.

Linalofuata ni suala la uaminifu. Matapeli wa mtandaoni wamefanya kila muuzaji mgeni atiliwe shaka, na mbinu yao rahisi kuliko zote ni kunakili ukurasa wa mtu: picha zilezile, jina lilelile lenye herufi moja iliyoongezwa, namba tofauti ya kulipia. Kwenye Instagram mteja hana namna rahisi ya kujua upi ni wa kweli. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, haliwezi kusajiliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, na muuzaji aliyeandika anwani ya tovuti yake kwenye mifuko, risiti na wasifu wa kila akaunti yake huwapa wateja mahali pa kuhakiki. Ni kweli kwamba tapeli naye anaweza kusajili jina linalofanana, na wapo waliofanya hivyo, kwa hiyo tovuti haiondoi utapeli. Inachofanya ni kumpa mteja makini sehemu moja ya kulinganisha namba kabla hajatuma fedha, na kwa kampuni, shule na ofisi zinazonunua kwa ankara, barua pepe yenye jina la biashara huchukuliwa kwa uzito kuliko ile ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua.

Vikwazo vipo, na kimojawapo kiliwekwa na sheria. Mwaka 2018 Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu, redio na televisheni za mtandaoni wawe na leseni yenye ada zilizofikia jumla ya shilingi milioni 2.1, na waandishi wengi wa blogu wakafunga kurasa zao mwezi Juni mwaka huo. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, ila hofu ilibaki, na hadi leo wapo wanaodhani kwamba fundi seremala akiweka picha za vitanda vyake kwenye tovuti atadaiwa leseni ya chombo cha habari. Duka linaloonyesha bidhaa zake si chombo cha habari. Anayetaka kuchapisha habari na mijadala ya mambo ya nchi ndiye anayepaswa kuwauliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kabla ya kuanza. Na aliyekimbilia mitandao ya kijamii kwa kuogopa kanuni hajakwepa lolote, maana makatazo ya maudhui humo nayo yanamhusu kila anayechapisha.

Tovuti pia haimkingi mtu dhidi ya kuzimwa kwa intaneti. Tanzania ilipozima intaneti kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa, mwenye tovuti na asiye nayo walikosa mauzo sawasawa, na hasara ile haikuwa na tiba ya kiufundi. Hali huwa tofauti pale linapofungwa jukwaa moja, kama X ilivyofungwa Tanzania kuanzia Mei 2025, au pale mkongo wa baharini unapokatika. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa wakati mmoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota vibaya. Tovuti iliyohifadhiwa kwenye seva iliyo ndani ya nchi haihitaji kuvuka bahari ili imfikie mteja wa ndani, kwa kuwa watoa huduma wetu hubadilishana mawasiliano katika vituo vya hapahapa Dar es Salaam na Arusha. Anayewauzia wateja wa ndani afikirie jambo hilo anapochagua mahali pa kuweka tovuti yake.

Gharama yenyewe imeshuka kuliko wengi wanavyodhani. Jina linaloishia na .co.tz au .co.ke hulipiwa kwa mwaka kiasi ambacho biashara inayolipa kodi ya fremu inakimudu, programu ya WordPress, inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, ni ya bure, na cheti cha usalama kinachozuia simu ya mteja isimwonyeshe onyo kinapatikana bila malipo. Kinachogharimu ni uangalifu. Tovuti nyingi za biashara ndogo zimekufa zikiwa bado hewani: zina picha kubwa zinazozunguka juu ya ukurasa, maneno ya kumkaribisha mgeni, historia ya kampuni, na hakuna bei hata moja. Mteja anayetumia bando la MB anafungua ukurasa wenye uzito wa video fupi, anasubiri, anaufunga. Ukurasa mzuri kwa soko letu ni mwepesi, picha zake zimepunguzwa ukubwa kabla ya kupakiwa, bei zinaonekana bila kubofya mara tatu, na kitufe cha WhatsApp kiko wazi ili anayetaka kuzungumza azungumze. Mteja mwenye kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee ataendelea kuhudumiwa kwa katalogi ya WhatsApp kama kawaida, na muuzaji ataijaza katalogi hiyo kutoka kwenye orodha ileile ya bei iliyo kwenye tovuti.

Kosa linalouma kuliko yote hutokea siku ya kwanza kabisa, nalo ni la kumwachia fundi wa tovuti kila kitu. Mwenye biashara anatoa fedha, fundi anasajili jina kwa jina lake, barua pepe yake na namba yake, na maneno ya siri yanabaki kwake. Miaka miwili baadaye fundi amehama mji, ada ya mwaka haikulipwa, na jina limekwisha muda au linadaiwa upya kwa bei ya kukomoana. Aliyekuwa mpangaji wa Instagram amekuwa mpangaji wa fundi. Ili kuliepuka, jina lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara au la kampuni yake kama lilivyo BRELA (wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania), barua pepe iliyotumika iwe ile atakayoendelea kuwa nayo hata biashara ikibadilika, risiti ya malipo itunzwe pamoja na leseni ya biashara, na nakala ya tovuti nzima iombwe angalau mara moja kwa mwaka na kuwekwa kwenye flashi.

Naamini hapa ndipo taasisi zetu zingesaidia kwa gharama ndogo kabisa. BRELA husajili majina ya biashara kwa njia ya mtandao, na TCRA ndiyo inayosimamia majina ya tovuti yanayoishia na .tz. Mtu anayesajili jina la saluni yake angeweza kuulizwa katika fomu hiyohiyo kama anataka na jina la tovuti linalolingana nalo, likalipiwa kwa namba ileile ya malipo, na kuandikwa moja kwa moja kwa jina lake. Maofisa wa maendeleo ya jamii katika halmashauri, wanaokutana kila siku na vikundi vya wanawake na vijana vinavyoomba mikopo, wangeweza kufundishwa kumweleza kila mwombaji maana ya kumiliki jina hilo na namna ya kulilipia kila mwaka, kwa dakika zilezile wanazotumia kumweleza namna ya kujaza fomu ya mkopo.